Kumeza kwa Niaba Yetu

Makofi ndiyo yaliyotangulia. Yalitoka nyuma ya pazia la wodi: mawili ya haraka, kimya, kisha moja zito, halafu tena mawili, kimya, moja. Mwalimu Sikudhani Magesa alifumbua macho akasikiliza. Pazia lilikuwa limefungwa na hakuna aliyeweza kuona kuna nini uwanjani.

"Kuna mtu kapona," alisema kwa sauti yake mpya, ile ya kukwaruza.

"Hapa?" Zawena alijibu kutoka kitanda cha jirani. "Basi atakuwa kapona kwa bahati mbaya."

Nesi aliingia akavuta pazia, na mambo yakawa wazi. Wafanyakazi wote wa hospitali, kuanzia mganga mkuu hadi mpishi, walikuwa wamepangwa mistari uwanjani wakifundishwa kupiga makofi. Waziri wa Afya na Sherehe alikuwa anakuja. Zamani wizara hizo zilikuwa mbili, lakini ikaonekana kwamba watumishi wa moja wanashinda kwenye shughuli za nyingine, zikaunganishwa kuwapunguzia safari.

"Na ninyi mtapiga," nesi aliwaambia wagonjwa. "Wenye dripu watapigia paja, kwa mkono mmoja."

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Ni nchi nzuri, ina bendera iliyofuliwa na wimbo wa taifa wenye beti nyingi, na watu wake ni wavumilivu kiasi kwamba wageni huja kuwatazama. Hospitali hii ilikuwa katika Jimbo la Nyuma ya Mlima. Wenyeji wa jimbo hilo, wakifungua milango asubuhi, huuona mlima uko mbele yao. Lakini jina lilitolewa na watu wa Makao Makuu, wanaokaa upande wa pili, na mtu akishaambiwa na Makao Makuu kwamba yuko nyuma, huzoea.

Mwalimu Sikudhani alifundisha michezo shule ya msingi mpaka alipostaafu, na kila Jumamosi alichezesha netiboli. Jimbo zima liliijua filimbi yake. Hakuwahi kumwonea mtu haya uwanjani. Hata timu ya mke wa Mkuu wa Jimbo aliinyima bao mbele ya Mkuu wa Jimbo mwenyewe, kwa sababu mfungaji alitembea na mpira. Filimbi hiyo ilikuwa bado shingoni mwake, juu ya gauni la hospitali. Sauti ilipoanza kumtoroka, aliitumia kumwitia nesi.

Ugonjwa wake ulikuwa saratani ya umio, ile njia inayoshusha chakula tumboni. Ugali ndio uliokuwa wa kwanza kukataliwa. Ukafuata wali, zikafuata ndizi za kupondwa. Sasa alikuwa amebaki na uji, na uji huo ulikuwa umebeba matumaini yake yote. Huko Makao Makuu watafiti walikuwa wakijaribu dawa mpya ya ugonjwa huo, dawa ya maji, ya kunywa kwa kijiko. Hawakuahidi kwamba inaponya. Wangekuwa na hakika wasingekuwa wanajaribu. Lakini baadhi ya wagonjwa walioinywa walikuwa wamerudia kula wali, na habari ya wali ule ilivuka mlima haraka kuliko basi. Kulikuwa na masharti. Mgonjwa awe bado anaweza kumeza uji bila kusaidiwa. Koo likishafunga kabisa, hapokelewi tena. Na awe mkazi wa Makao Makuu, kwa kuwa hao ndio waliokuwa karibu.

Kwa hiyo kila asubuhi Mwalimu alikaa kitako, akachota uji kijiko kimoja, akaumeza taratibu huku wodi nzima ikimwangalia. Zawena ndiye aliyekuwa mwamuzi msaidizi. Alikuwa msusi wa nywele, mwanamke kijana bado, mwenye ulimi mkali. Ugonjwa wake ulikuwa ule ule, ila umechelewa kuanza, na ndizi za kupondwa bado zilimpita.

"Umepita?" aliuliza.

Mwalimu alinyoosha kidole gumba. "Umepita."

"Basi bado tupo mchezoni."

*

Waziri aliwasili mchana, jua likiwa kali, na wagonjwa walikuwa wamekwishakaa juani tangu asubuhi ili wasichelewe. Alipanda jukwaani akafuta miwani. Akamsifu Mkuu wa Nchi, akamsifu Mkuu wa Jimbo, akamsifu mtu aliyefunga vipaza sauti, kisha akafika kwenye saratani.

"Ndugu wananchi! Kwa muda mrefu majaribio ya tiba yamekuwa ya watu wa Makao Makuu. Mgonjwa wa mjini anajaribiwa, mgonjwa wa jimboni hajaribiwi. Huu ni ubaguzi! Serikali yenu sikivu imesikia, imeguswa, imekaa, na imesimama. Kuanzia leo majaribio haya yanatanuliwa nchi nzima. Hakuna jimbo litakaloachwa nyuma, hata hili la Nyuma!"

Mawili, kimya, moja. Mwalimu Sikudhani alipiga makofi kwa nguvu mpaka filimbi ikaruka kifuani. Machozi yalimlenga. Alikuwa amechoka kwa muda mrefu sana, uchovu ule ambao usingizi hauuondoi, na hapo, juani, kwa mara ya kwanza aliusahau.

"Mheshimiwa!" Zawena alipaza sauti kutoka kwenye mkeka. "Tunaanza lini? Dawa imo humo kwenye magari?"

Waziri alitabasamu kwa upole wa mtu aliyeulizwa na mtoto mbingu imeshikwa na nini. "Mama, mtashiriki kama mnavyoshiriki mambo yote ya nchi hii. Mtawakilishwa."

Kwa mgeni inabidi hapa kueleza. Uwakilishi ndio uti wa mgongo wa nchi ile. Mambo yote mazito hufanywa na mjumbe, kwa niaba ya wenye mambo. Mwaka wa mafuriko, jimbo lilichagua mjumbe akapelekwa Makao Makuu kuokolewa. Shule zilipokosa madawati, mtoto mmoja alichaguliwa akakalishwa kwenye dawati zuri ofisini kwa Mkuu wa Jimbo, akakaa kwa niaba ya wenzake mpaka akamaliza darasa la saba. Na ilipokuja njaa, Bwana Mashauri Kibiriti, mwenye ukumbi wa harusi, ndiye aliyepelekwa kulishwa. Aliiwakilisha njaa kwa ustadi mkubwa, akarudi na tumbo lililofanya watu wote waone fahari.

Sasa kila jimbo lingetoa mjumbe mmoja wa kwenda kumeza dawa ya saratani kwa niaba ya wagonjwa wake.

Wagonjwa hawakushangaa. Walikuwa wanawakilishwa tangu kuzaliwa.

"Sawa," Mwalimu alimnong'oneza Zawena. "Mjumbe mmoja. Basi mjumbe huyo atakuwa mimi."

*

Alikwenda kwa Mkuu wa Jimbo kwa miguu, akipumzika kwenye kila kivuli, akiwa ameshikwa mkono na Zawena. Mkuu wa Jimbo alikuwa mtu mnene mwenye adabu, anayesahau mambo mengi lakini si lile bao la mke wake.

"Mwalimu! Karibu, karibu. Unaumwa nini?"

"Saratani, Mheshimiwa. Nimekuja kugombea ujumbe wa kumeza dawa."

Mkuu wa Jimbo alivuta pumzi, akamtazama katibu wake, katibu akatazama dari.

"Hapo ndipo penye tatizo, Mwalimu wangu. Wewe ni mgonjwa."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Dawa ni ya wagonjwa."

"Ndiyo maana huwezi. Una maslahi binafsi." Alilitamka neno hilo kwa huzuni, kama jina la ugonjwa mwingine. "Mtu mwenye saratani akipewa dawa ya saratani, ataifikiria nafsi yake. Ataitaka imponye yeye! Sasa hao wengine watawakilishwa na nani? Sisi tunatafuta mtu asiye na chochote anachokitaka kwenye hiyo dawa. Mtu huru. Sheria ya Wajumbe inasema wazi: mwenye afya njema na mwili usio na dosari."

"Na akiimeza huyo mwenye afya," Zawena aliuliza, "mimi uvimbe wangu utajuaje kama dawa imemezwa?"

"Utasikia redioni," alisema Mkuu wa Jimbo.

Walipotoka nje Mwalimu alikaa kwenye ngazi za ofisi. Hakulia. Aliishika filimbi kama anayetaka kuipuliza, kisha akaiacha.

"Mwalimu, sema kitu."

"Nimechoka, Zawena. Nimechezesha mechi nyingi, sijawahi kuona timu inayotoa mchezaji ili iingize nguzo ya goli."

*

Bwana Mashauri Kibiriti alichaguliwa kwa kishindo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayepatikana. Alipimwa akaonekana hana ugonjwa wowote, na umati ukashangilia. Alivuka mlima na bendi ya tarumbeta, na kila Jumatatu sauti yake ikawa inaletwa na kipaza sauti kilichofungwa kwenye mnara wa maji wa hospitali.

"Wananchi wa Nyuma ya Mlima, nawasalimu. Leo nimewamezea kijiko kizima. Ni kichungu. Lakini niliwakumbuka ninyi, nikakishusha."

Wizara iliagiza wagonjwa wakusanyike saa hiyo na kumeza mate kwa pamoja, kuonyesha mshikamano. Daktari wa wodi, Dkt. Lutufyo, mtu mwenye macho ya kutolala, alisimama pembeni akitazama viatu vyake. Waliokuwa hawawezi kumeza mate waliruhusiwa kuinamisha kichwa.

Wiki zilivyokwenda, sauti ya Kibiriti ikaanza kupungua uzito. "Wananchi, leo nimewatapikia." Wiki nyingine: "Nywele zangu zinang'oka. Nazitoa kwenu." Na nyingine, kwa kunong'ona: "Ndugu zangu, kwani ninyi mnaendeleaje huko? Maana mimi..." Hapo kipaza sauti kilikatwa, ukapigwa wimbo wa taifa.

Hawakuwa wanaendelea. Mama wa kitanda cha mlangoni, aliyekuwa hodari wa kumeza mate kwa mshikamano, alifariki Jumanne moja asubuhi. Katibu wa hospitali alitoa taarifa kwamba mshiriki huyo amejiondoa kwenye utafiti bila kueleza sababu. Mwalimu Sikudhani naye alikuwa ameanza kuuzimua uji wake. Kwanza maji kidogo, kisha mengi.

"Umepita?"

Kidole gumba kilikawia. "Umepita. Umebisha hodi kwanza."

Usifikiri kwamba Makao Makuu hapakuwa na mtu mwenye akili. Mkuu wa utafiti, Dkt. Ilomo, alipoona analetewa kutoka majimboni watu walionona, wasio na ugonjwa, wanaokunywa dawa na kuanza kuugua, alimwandikia Waziri kwa hasira: wajumbe wote wa majimbo wamepimwa kwa mashine, na hakuna hata mmoja mwenye uvimbe!

Waziri alisoma barua hiyo akainuka kitini. Aliisoma tena kwa sauti mbele ya mkutano wa wizara. Hakuna hata mmoja mwenye uvimbe! Wajumbe wamepona, na mjumbe akipona wamepona wote aliowabeba. Saratani ya umio ilikuwa imetokomezwa nchi nzima. Dkt. Ilomo alipewa nishani, na alipojaribu kuirudisha akapewa kubwa zaidi.

*

Fulana zilifika kwa lori. Zilikuwa za njano, na kifuani zimeandikwa kwa herufi kubwa NIMEPONA, na mgongoni, kwa herufi ndogo, Asante Serikali Sikivu. Kila mgonjwa alivalishwa ya kwake, na aliyeshindwa kuinua mikono alitandikiwa juu ya shuka. Kisha likatolewa tangazo kwamba wodi ya saratani, kwa kukosa saratani, itafungwa mwisho wa mwezi na kufanywa Ukumbi wa Kumbukumbu.

"Kumbukumbu ya nani?" Zawena aliuliza.

"Yenu," alijibu mtu wa wizara, akipita na futi ya kupimia madirisha.

Wiki hiyo hiyo Kibiriti alirudi. Ili isemwe kwamba majaribio yamefika jimboni kweli, alirudishwa na dawa iliyobaki, ikawekwa kwenye friji ya Dkt. Lutufyo, na alitakiwa aimalizie hapo hospitali mbele ya wananchi wake. Bendi ilimpokea, lakini ilisita katikati ya wimbo ilipomwona. Suti ilimning'inia. Lile tumbo la njaa lilikuwa limekwisha. Alipewa kitanda cha mlangoni, kile kilichokuwa wazi.

Jioni aliketi ukingoni mwa kitanda akawatazama wanawake wawili wenye fulana za njano.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Pole na kazi, mjumbe."

"Mwalimu, ile dawa inaniua," alisema polepole. "Ina nguvu, nakuapia. Inaingia mwilini inatafuta uvimbe, haiuoni, basi inanishika mimi. Nimewaambia watafiti, wanasema tunajua, tunajua, wananishika bega. Nimemwambia Waziri, anasema vumilia, unatibu jimbo."

"Na wewe ulikubali ya nini?" Zawena alimkata. "Ulidhani ni pilau la harusi?"

"Nilidhani ni ujumbe, dada. Ujumbe wote huwa unanenepesha." Alijifuta jasho. "Nikiacha nitaitwa msaliti. Nikiendelea nitazikwa kwa heshima zote. Sheria haina mlango wa kutokea."

Mwalimu Sikudhani alikuwa amelala akitazama dari. Aliinuka taratibu, mpaka akakaa.

"Sheria ya Wajumbe inasemaje mjumbe akiumwa?"

"Anatuma mwakilishi. Lakini naye lazima awe mwenye afya njema, mwili usio na... "

Mwalimu alikuwa ameweka kidole kifuani, chini ya filimbi, kwenye herufi ya kwanza, na alikuwa anaipitisha taratibu mpaka ya mwisho. NIMEPONA.

"Kwenye netiboli," alisema, "tunamwita mchezaji wa akiba."

Zawena alicheka mpaka akashika koo kwa maumivu. Dkt. Lutufyo, aliyekuwa mlangoni muda wote, kwa mara ya kwanza aliacha kutazama viatu vyake. Aliwapima wanawake wale wawili upya usiku huo huo, vizuri, kama alivyofundishwa kabla hajaingia serikalini. Kisha akampigia simu Dkt. Ilomo kumuuliza kama anaweza kupokea mbadala mwenye uvimbe. Sauti ya mtu aliyevunjwa moyo mara nyingi ikauliza kwa woga, "Uvimbe wa kweli?"

*

Mkuu wa Jimbo alijitahidi kukataa.

"Mwalimu, tulishazungumza. Wewe ni mgonjwa."

"Soma kifuani, Mheshimiwa."

Mkuu wa Jimbo alisoma. Katibu wake alisoma. Walizunguka wakasoma na mgongoni.

"Lakini wewe... " Mkuu wa Jimbo aliteremsha sauti. "Mwalimu, sisi sote tunajua."

"Mheshimiwa anasema Waziri amenivalisha uongo?"

Katibu alikohoa haraka, akafunga dirisha. Mkuu wa Jimbo aliitazama ile fulana kama mtu anayetazama mfungaji aliyetembea na mpira, na hana filimbi.

"Una afya njema," alisema mwishowe, kwa uchovu. "Huna maslahi yoyote. Hongera."

Sherehe ya kumbadilisha mjumbe ilipangwa Jumatatu. Siku hizo za kungoja zilikuwa ndefu. Jumamosi uji ulipita kwa machozi. Jumapili Mwalimu alikataa kujaribu mbele ya watu. Alisema anautunza mlango. Zawena alimtazama asiulize. Usiku alimsikia akimeza mate na kukabwa, akimeza na kukabwa, kama mtu anayefanya mazoezi ya jambo lililokwisha kumtoka.

Jumatatu waliweka meza uwanjani. Juu yake palikuwa na bakuli la uji, kijiko, chupa ya dawa kutoka friji, na vazi la mjumbe la rangi ya zambarau. Sharti la watafiti lilisomwa kwanza, kwa kuwa Dkt. Lutufyo alisisitiza: mbadala ameze uji bila kusaidiwa, watu wote wakiona. Makofi yalikuwa tayari. Kibiriti alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, ameshika mikono yake miwili kama anayeomba.

Mwalimu Sikudhani alivua kilemba, akakiweka kando. Alichota uji. Ulikuwa mwepesi, karibu maji. Aliuweka mdomoni, akafumba macho, akameza.

Haukupita.

Alingoja. Shingo yake ilijikaza mpaka mishipa ikasimama. Watu waliona koo likipanda, likishuka, likipanda. Kisha akainama taratibu, bila fujo, akautema kwenye leso, akajifuta mdomo kama mtu aliyemaliza kula.

Kiongozi wa makofi alibaki na mikono hewani. Hakuna aliyewafundisha makofi ya jambo hilo.

"Rudia, Mwalimu," Kibiriti alisema kwa sauti ya kusihi. "Rudia, hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona," alisema Mwalimu.

Maisha yake yote hakuwahi kumpa mtu bao ambalo halikuingia. Alitazama chupa ile, iko karibu kuliko ilivyowahi kuwa, angeweza kuigusa bila kunyoosha mkono. Aliitazama kwa muda. Halafu akaipeleka filimbi mdomoni akaipuliza, ndefu, mpaka njiwa wakaruka kwenye mnara wa maji, akageuka upande wa mikekani na kuzungusha mikono yake, mmoja juu ya mwingine, kama alivyofanya kila Jumamosi.

"Mabadiliko," alisema. "Anatoka Magesa. Anaingia Zawena."

Mkuu wa Jimbo alimgeukia katibu. "Mwakilishi wa mwakilishi, naye anaweza kuwakilishwa?"

Katibu alifikiri, akafikiri tena. "Sheria haikatazi, Mheshimiwa. Kwa kweli ndiyo moyo wa sheria."

Zawena alikuwa amesimama, lakini hakusogea. "Hapana. Mwalimu, hapana. Hii ni yako. Tutarudia kesho, tutauzimua zaidi."

"Hakuna kesho ya uji. Njoo."

"Siwezi kukuchukulia chako."

"Hunichukulii. Mchezaji akiumia anatoka. Hajakatwa, hajafukuzwa, ametoka tu." Mwalimu alikuwa anapumua kwa shida, na sauti yake ilikuwa karibu haisikiki. "Zawena, usinipotezee muda wa mchezo. Nimechoka."

Zawena alikuja. Fulana yake ya njano ilikuwa kubwa, imemfika magotini. Alichota uji, kijiko kilichojaa hasa, akameza, akafunua mdomo kumwonyesha Dkt. Lutufyo. Daktari aliitikia kwa kichwa.

"Umepita?" aliuliza Mwalimu Sikudhani.

Zawena alinyoosha kidole gumba.

Wakamvika vazi la zambarau. Dkt. Lutufyo akamimina dawa kwenye kijiko, akamkabidhi. Mkuu wa Jimbo alisafisha koo akaanza kumsomesha kiapo, kipande kwa kipande, ili akirudie: "Mimi, mwenye afya njema, naapa kumeza kwa niaba ya... "

Zawena hakurudia. Alikuwa amemgeuzia mgongo. Alikuwa anamtazama mwanamke aliyekaa chini kando ya meza, kilemba mapajani, filimbi kifuani, macho yamefumbwa nusu, anangoja.

"Kwa niaba ya wananchi wa Nyuma ya Mlima," Mkuu wa Jimbo alimkumbusha.

"Mwalimu," Zawena alisema, na sauti yake ilifika mpaka barabarani, "mimi kwa niaba sijui. Hiki nakimeza kwa niaba yangu, kwa koo langu, kwa maslahi yangu binafsi. Na nikirudia kula ugali, nakuahidi mbele ya hawa wote, nitachukua hiyo filimbi niuvuke mlima, na nitaipuliza mlangoni kwao usiku na mchana, wala sitarudi mpaka kila mgonjwa wa huku ameshikishwa kijiko chake mkononi mwake."